Kisiki Kando ya Mguu: Jinsi Marumaru, Bronzi na Mbao Vilivyoamua Sura ya Sanamu za Ulaya

Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika kumbi za sanamu za kale, iwe Roma, Napoli au Paris, hukutana na jambo la ajabu ambalo maelezo yaliyobandikwa ukutani kwa kawaida hayaligusi. Shujaa aliye uchi, misuli imejipanga na uso umetulia, amesimama kando ya kisiki cha mti. Wa pili naye ana kisiki. Wa tatu ana nguzo fupi nyuma ya mguu, na wa nne ana mtungi uliofunikwa shuka ambao, kwa bahati njema, umefika urefu wa paja lake. Visiki hivyo havisimulii chochote. Mashujaa wale hawakuwa wakata kuni. Vipo kwa sababu sanamu ni za marumaru, na marumaru haiaminiki kubeba mwili mzima wa mtu juu ya vifundo viwili vya miguu bila kuegemezwa.

Marumaru ni mawe ya chokaa yaliyopashwa joto na kugandamizwa ndani ya ardhi kwa muda mrefu mno, hata yakageuka kuwa chembe za fuwele zilizoshikamana. Ukilikandamiza jiwe la namna hiyo kutoka juu, litastahimili mzigo mkubwa, na ndiyo maana mahekalu ya Ugiriki yangali yamesimama juu ya nguzo zake. Lakini ukilipinda au kulivuta, litakatika ghafla. Mkono ulionyooshwa mbele ni mithili ya boriti iliyoshikwa upande mmoja tu: uzito wote wa kiganja na vidole unavuta pale begani, na siku jiwe litakapochoka, mkono utakuwa sakafuni. Bronzi, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati, haina udhaifu huo. Huweza kupindika kidogo bila kuvunjika, na kwa kuwa sanamu kubwa ya bronzi huwa tupu ndani, uzito wake ni mdogo kuliko macho yanavyodhani.

Hapo ndipo siri ya visiki inapofunguka. Wagiriki wa karne ya 5 KK walitengeneza nyingi kati ya sanamu zao bora kwa bronzi, na Warumi waliozipenda wakaagiza nakala za marumaru kwa ajili ya nyumba na bustani zao. Mfano unaojulikana sana ni Mchukua Mkuki wa Polykleitos, mchongaji Mgiriki, kazi ya mwaka 440 hivi KK. Bronzi yenyewe imepotea. Nakala maarufu zaidi, iliyopatikana Pompeii na kuhifadhiwa Napoli, ina kisiki nyuma ya mguu na kipande kidogo cha jiwe kinachounganisha mkono na paja, vitu viwili ambavyo Polykleitos hakuwa na haja navyo hata kidogo. Mchongaji wa Kirumi alikuwa mfasiri, na mfasiri hulazimika kuongeza maneno ambayo lugha mpya inayadai. Baadhi yao walikuwa wafasiri hodari. Sanamu ya Augusto, mtawala wa Roma, iliyofukuliwa Prima Porta, karibu na Roma, mwaka 1863, ina kitoto Cupid aliyempanda pomboo kando ya mguu wa kulia wa mtawala huyo. Kazi yake ya kwanza ni ileile ya kisiki. Lakini kwa kuwa Cupid ni mwana wa Venus, mungu wa kike wa mapenzi, na ukoo wa Augusto ulijidai kuwa umetokana na Venus, egemeo limegeuzwa kuwa tangazo la nasaba.

Katika jambo hili Kiswahili kinatusaidia vizuri. Neno sanamu linajumuisha yote, lakini vitenzi vyetu vinakataa kuyachanganya: jiwe na gogo huchongwa, udongo hufinyangwa, madini yaliyoyeyushwa husubiwa katika kalibu. Anayechonga huondoa, na alichokiondoa hakirudi. Anayefinyanga huongeza na kupunguza hadi aridhike. Anayesubu haoni kazi yake kabla ya siku ya kuvunja kalibu, na siku hiyo huwa ya furaha au ya msiba. Wasomaji wengi huchanganyikiwa mbele ya sanamu za Ulaya kwa sababu hawaambiwi kwamba sanamu moja inaweza kuwa imepitia vitenzi vyote vitatu, na kwamba kila kitenzi kimeacha kovu lake.

Tuanze na jiwe. Machimbo ya Carrara, katika milima ya Apuan huko Toscana, yamekuwa yakitoa marumaru tangu enzi za Warumi. Hadi karne ya 20 mapande makubwa yalishushwa mlimani juu ya magogo yaliyopakwa sabuni, huku wanaume wakiyazuia kwa kamba nene zilizozungushwa kwenye vigingi. Kamba ikikatika, waliokuwa mbele ya jiwe hawakuwa na pa kukimbilia. Aliyekwenda kuchagua pande aliligonga kwa nyundo na kutega sikio, kwa kuwa jiwe zima hulia kama kengele na lenye ufa wa ndani hutoa sauti butu. Kosa la uchaguzi lilijulikana baadaye, pengine miezi kadhaa baadaye, tindo lilipogusa mshipa wa kijivu katikati ya shavu la Bikira Maria.

Pande lililotoa Daudi, sanamu maarufu ya mchongaji Michelangelo, lilikuwa na historia mbaya ya aina hiyo. Lilichimbwa Carrara, likapelekwa Florence, na Agostino di Duccio akaanza kulichonga mwaka 1464 kisha akaliacha. Mwaka 1476 Antonio Rossellino alikabidhiwa kazi hiyo, naye hakufika mbali. Jiwe likalala uani mwa karakana ya kanisa kuu, likipigwa na mvua na jua, refu, jembamba, tayari limeshapunguzwa na mikono ya watu wengine. Michelangelo alipolipokea mwaka 1501 alikuwa na miaka 26, na umbo alilolitaka lilipaswa kuingia ndani ya kile kilichobaki. Ndiyo maana Daudi, ambaye ana urefu wa mita 5.17, ni mwembamba sana akitazamwa kutoka ubavuni. Wanaomtazama kutoka mbele tu hawalioni hilo. Naye pia ana kisiki nyuma ya mguu wa kulia. Hata hivyo nyufa ndogo zimeonekana katika kifundo cha mguu wa kushoto na katika kisiki chenyewe, jambo linaloonyesha kwamba Warumi hawakuwa waoga bure.

Jinsi kazi yenyewe inavyoendeshwa inaonekana vizuri zaidi katika sanamu ambazo hazikukamilika. Katika jumba la Accademia mjini Florence, kwenye ukumbi uleule unaomwelekea Daudi, wamesimama Wafungwa wanne ambao Michelangelo aliwaanza kwa ajili ya kaburi la Papa Julius wa Pili na kuwaacha njiani. Mtazamaji akisogea karibu na bega la mmoja wao ataona hatua zote kwa pamoja, kama kurasa zilizoachwa wazi. Pembezoni, ambako jiwe bado ni jiwe, kuna mifuo mirefu yenye kina iliyopigwa kwa tindo lenye ncha moja, chombo cha kumega mapande. Karibu na mwili mifuo inakuwa myembamba na kwenda sambamba, kama alama za kitana kwenye nywele zenye mafuta. Hizo ni alama za tindo lenye meno, nazo hazikupigwa ovyo bali zinafuata mviringo wa msuli, kisha zinakatishwa na mistari mingine ya upande wa pili, hadi umbo linajitokeza kwa kivuli kabla halijajitokeza kwa uso laini. Tindo bapa lingefuata, halafu tupa, halafu jiwe jepesi la volkano la kusugulia, na mwisho ngozi au kitambaa. Michelangelo hakuzunguka pande lake pande zote kwa usawa. Alianzia mbele na kuzama ndani hatua kwa hatua, kiasi kwamba Giorgio Vasari, aliyemfahamu, aliifananisha njia hiyo na sanamu ya nta iliyolazwa majini na kuinuliwa polepole, ambayo sehemu zake za juu hujitokeza kwanza na nyinginezo baadaye. Njia hiyo ina busara ndani yake: mchongaji akikosea upande wa mbele, bado ana jiwe nyuma la kurekebishia.

Sasa tugeukie bronzi, ambayo ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote, kwani wengi hudhani kwamba sanamu ya bronzi hutengenezwa kwa kumimina madini ndani ya tundu lenye umbo la mtu. Ingekuwa hivyo, sanamu ingekuwa bonge la madini lisilo na uwazi ndani, ghali kupita kiasi, na ingepasuka wakati wa kupoa kwa sababu madini mazito hupoa nje kabla ya ndani na kujivuta kwa namna isiyo sawa. Kinachotakiwa ni ganda lenye unene wa milimita chache. Njia ya kulipata ganda hilo ni ile ambayo Waitaliano na Wafaransa huiita ya nta iliyopotea, na inahitaji kufuatwa kwa utulivu.

Msanii hufinyanga umbo lake kwa udongo. Juu ya udongo huo hutengenezwa kalibu ya plasta yenye vipande vingi vinavyoweza kufunguliwa. Vipande vinafunguliwa, udongo unaondolewa, na kuta za ndani za kalibu zinapakwa nta yenye unene uleule ambao bronzi itakuwa nao. Uwazi unaobaki katikati hujazwa kiini cha udongo uliochanganywa na unga wa matofali. Kalibu ikifunguliwa sasa, kinachoonekana ni sanamu ya nta yenye tumbo la udongo, na msanii hupata nafasi ya kuinyoosha pua au kuzichora nywele kwa kisu cha moto. Kisha hupachikwa vijiti vya nta kila mahali: vingine vitakuwa mifereji ya kupitishia madini, vingine njia za kutolea hewa. Misumari hupigwa kupitia nta hadi kwenye kiini, ili nta itakapoondoka kiini kisianguke upande mmoja. Yote hayo hufunikwa kwa matabaka ya udongo, mwanzoni laini kama uji, baadaye mzito wenye samadi na nywele za wanyama, kisha hufungwa kwa vyuma na kuchomwa. Nta inayeyuka na kutiririka nje. Pale ilipokuwa nta sasa hapana kitu, na katika uwazi huo ndipo bronzi inapomiminwa, ikiwa imeyeyushwa kwa joto la nyuzi 1000 za Selsiasi hivi. Baada ya kupoa kalibu huvunjwavunjwa, mifereji hukatwa, mashimo ya misumari huzibwa, na mafundi hukaa miezi wakipiga tupa na tindo juu ya ngozi ya madini, kazi ambayo mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko kusubu kwenyewe.

Mchongaji Benvenuto Cellini ameacha maelezo yake mwenyewe ya namna mambo hayo yanavyoweza kuharibika. Mtawala wa Florence, Cosimo wa Kwanza wa ukoo wa Medici, alimwagiza mwaka 1545 sanamu ya Perseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, ameshika juu kichwa cha zimwi Medusa. Siku ya kusubu, kwa maelezo yake, Cellini alishikwa na homa na kwenda kulala, mvua ikanyesha, moto ukapungua, na bronzi ikaanza kuganda ndani ya tanuri kama uji uliosahauliwa. Aliamka, akaamuru kuni za mwaloni mkavu ziletwe, na alipoona madini hayatiririki akatupia ndani sahani na mabakuli yote ya bati yaliyokuwa nyumbani kwake, takriban vyombo 200. Cellini anajulikana kwa majivuno, na msomaji ana haki ya kupunguza kidogo moshi na radi katika simulizi hilo; lakini kuhusu sahani, elimu ya madini iko upande wake. Bati hushusha kiwango cha joto kinachohitajika kuyeyusha mchanganyiko na kuufanya uwe mwepesi kutiririka. Kalibu ilipovunjwa, kichwa cha Medusa kilikuwa kimetoka salama na kilichopungua ni vidole vya mguu wa kulia, mahali pa mbali zaidi ambapo madini yalifika yakiwa yamepoa. Sanamu ilizinduliwa mwaka 1554 na hadi leo imesimama katika Loggia dei Lanzi, baraza la wazi mjini Florence, mkono umenyooshwa hewani pasipo kijiti cha kuuegemeza.

Uhuru huo wa bronzi ulifika mbali. Katika Madrid yupo mfalme Philip wa Nne juu ya farasi aliyesimama kwa miguu miwili ya nyuma, kazi ya Pietro Tacca iliyokamilika mwaka 1640. Siri yake ni unene usio sawa: sehemu ya mbele ya farasi ni ganda jembamba, sehemu ya nyuma ina madini mengi, na mkia unaogusa chini unasaidia bila kujionyesha. Masimulizi ya zamani yanadai kwamba mwanasayansi Galileo ndiye aliyetoa ushauri wa hesabu. Farasi wa marumaru akijaribu hivyo, miguu yake itakatika kabla hajaondoka karakanani.

Lakini kile kinachoifanya bronzi iwe na nguvu ndicho kinachoiua. Marumaru iliyovunjika haina faida kwa mwizi zaidi ya kuchomwa iwe chokaa, ingawa chokaa pia imemeza sanamu nyingi. Bronzi iliyochukuliwa ni fedha taslimu, ni kengele, ni mzinga. Leonardo da Vinci alikuwa amemaliza kielelezo cha udongo cha farasi mkubwa mno huko Milano mwaka 1493, na mwaka uliofuata bronzi iliyokusanywa kwa ajili yake ikapelekwa kutengenezea mizinga. Askari wa Ufaransa walioingia mjini mwaka 1499 wakakitumia kielelezo kile kujifunzia shabaha. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ya Vichy, ile ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, iliyeyusha sanamu nyingi za hadharani za Paris. Sanamu ya Marcus Aurelius juu ya farasi ilipona Roma kwa sababu Wakristo wa zama za kati walidhani aliyepanda ni Konstantino, mtawala wa Roma aliyeupokea Ukristo. Wapiganaji wawili wa Riace walipona kwa sababu walikuwa chini ya bahari ya Calabria hadi mwaka 1972. Walipotolewa na kusafishwa, watu waliona midomo ya shaba nyekundu, na mmoja wao akiwa na meno ya fedha, rangi na mng'ao ambao hakuna nakala ya marumaru iliyokuwa imewaandalia.

Kaskazini mwa Alpi, ambako marumaru nzuri ilikuwa adimu na misitu ilikuwa mingi, gogo ndilo lililotawala. Wachongaji wa kusini mwa Ujerumani waliupenda mti ambao Wajerumani huuita Linde, kwa kuwa mbao zake ni laini na nyuzi zake zinalingana, hivyo patasi hupita pande zote bila kurarua. Adui wa mchonga gogo ni ufa. Mbao zikikauka husinyaa zaidi kwa kuzunguka kuliko kuelekea moyo wa mti, na gogo zima likiachwa lilivyo hupasuka kutoka nje kwenda ndani. Mchonga mpingo wa kwetu analijua hilo bila kusoma popote. Wajerumani walilitibu kwa kukomba mgongo wa sanamu mpaka ikabaki kama mtumbwi uliosimamishwa, moyo wa mti ukiwa umeondolewa kabisa; kwa kuwa sanamu iliwekwa ndani ya kabati la altare, hakuna aliyeuona mgongo wake. Gogo lilichongwa likiwa limelala, limebanwa vichwani kwa vyuma viwili kama mshikaki ili fundi aweze kuligeuza. Ndiyo maana watakatifu wengi wa karne ya 15 na ya 16 wana tundu utosini lililozibwa kwa kipande cha mti: ni alama ya chuma cha benchi, na mhifadhi wa makumbusho akitaka kujua kama sanamu ni ya zamani kweli, huchungulia kwanza pale.

Sanamu hizo za mbao zilipakwa rangi, na hapa inafaa kusema kwamba Ulaya ya sanamu nyeupe ni dhana ya baadaye. Wagiriki walipaka marumaru zao rangi. Mvua, udongo na waoshaji ndio waliozifanya nyeupe, kisha karne ya 18, mwanahistoria wa sanaa Johann Joachim Winckelmann akiwa mstari wa mbele, ikaugeuza weupe huo kuwa kipimo cha uzuri. Mwaka 1937 na 1938 wafanyakazi wa makumbusho ya British Museum walizikwangua kwa vyombo vya shaba baadhi ya sanamu za Parthenon, hekalu la Athene, ili ziwe nyeupe zaidi, na uharibifu huo hauwezi kurudishwa. Mchongaji Tilman Riemenschneider alipoacha altare ya mji wa Münnerstadt, Ujerumani, bila rangi, mnamo mwaka 1492, alikuwa akifanya jambo geni, akitegemea alama ndogondogo za patasi kutofautisha kitambaa na ngozi. Waumini hawakuridhika. Miaka kadhaa baadaye wakamlipa Veit Stoss aipake rangi, naye Stoss, mchongaji mkubwa kwa haki yake mwenyewe, alikuwa amekimbilia Münnerstadt baada ya kuchomwa kwa chuma cha moto kwenye mashavu yote mawili huko Nürnberg, mwaka 1503, kwa kosa la kughushi hati.

Hispania iliifikisha kazi ya rangi kwenye kilele chake. Sheria za vyama vya mafundi zilitenganisha kuchonga na kupaka rangi, kwa hiyo Kristo mmoja wa Sevilla alikuwa na mabwana wawili. Juan Martínez Montañés alichonga Kristo wa Huruma kwa mkataba wa mwaka 1603, na Francisco Pacheco akampa ngozi. Mti ulisilibwa kwa gundi ya ngozi, ukapakwa matabaka ya jasi na kusuguliwa, kisha rangi ya mafuta ikawekwa bila mng'ao, rangi juu ya rangi, hadi chini ya macho pakawa na weusi wa mtu asiyelala. Kwa mavazi, dhahabu iliyofuliwa nyembamba ilibandikwa kwanza juu ya udongo mwekundu, ikafunikwa kwa rangi, na rangi ikakwanguliwa kwa kijiti hadi dhahabu ikachungulia kwa mfano wa nakshi za hariri. Gregorio Fernández wa Valladolid alikwenda mbali zaidi kwa macho ya kioo, meno ya pembe za ndovu na kucha za pembe ya mnyama. Wapo wanaoona kwamba huko ni kuvuka mpaka. Mimi naona kwamba aliyewahi kusimama mbele ya Kristo wake aliyelazwa, kwa mwanga wa mishumaa uliokusudiwa, hawezi kuuliza mpaka uko wapi.

Pembe za ndovu zinastahili maneno machache zaidi, kwani hizo zinatuhusu. Katika karne ya 13 na ya 14 mafundi wa Paris walichonga Bikira Maria wengi wa pembe, na baadhi yao wameinama kwa mgongo kwa sababu pembe yenyewe imepinda. Tena umbo limeamriwa na malighafi. Bikira wa Sainte-Chapelle, kanisa la Paris, ambaye sasa yuko katika makumbusho ya Louvre, ana urefu wa sentimita 41, kipimo kinachohitaji pembe nene ya ndovu wa Afrika. Pwani yetu ilikuwa ikiuza pembe tangu zamani: al-Masudi aliandika katika karne ya 10 kwamba pembe za nchi ya Zanji zilikwenda Oman, na kutoka huko India na China. Kiunganishi kilicho wazi na cha kutisha zaidi ni cha mwisho wa karne ya 19, wakati serikali ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, ilipowagawia wachongaji wa Ubelgiji pembe za Kongo na kuzionyesha kazi zao Tervuren, karibu na Brussels, mwaka 1897, nyuso laini za wanawake wa kubuni zikiwa zimetokana na mali iliyokusanywa kwa mjeledi na bunduki.

Udongo nao, ingawa hudharauliwa kama kitu cha majaribio, ulikuwa na heshima yake. Luca della Robbia wa Florence aliuchoma na kuupaka mng'ao mweupe wa bati, na kazi yake ya Ufufuo juu ya mlango katika kanisa kuu la mji huo, ya miaka ya 1442 hadi 1445, haijapauka. Kila mfinyanzi anajua masharti yake: ukuta uwe na unene mmoja, ndani pawe tupu, na udongo ukauke polepole, la sivyo mvuke uliofungiwa utapasua kichwa cha mtakatifu ndani ya joko.

Kinachobaki ni plasta, ambayo hakuna anayeisifu na ambayo bila yake karne ya 19 isingekuwa na sanamu. Mchongaji Mwitaliano Antonio Canova alifinyanga kwa udongo, udongo ukatolewa kalibu, na plasta ikamiminwa. Juu ya plasta hiyo wasaidizi walipigilia misumari midogo ya shaba, mamia yake, kila mmoja ukiwa nukta ya kipimo. Umbali kati ya nukta ukahamishiwa kwenye pande la marumaru, jiwe likatobolewa kwa kina kilichopimwa, na kilichokuwa kati ya mashimo kikaondolewa. Baadaye kilienea kifaa chenye mkono wa shaba na sindano inayoteleza: sindano inagusa ncha ya pua ya plasta, inafungwa, kifaa kinahamishwa, na fundi anachimba jiwe hadi sindano ifike mahali palepale. Canova mwenyewe aliingia mwishoni kuipa ngozi uhai. Plasta zake zingali Possagno, kijiji alikozaliwa, zikiwa na misumari yake bado, nyuso nzuri zenye madoa meusi kama za waliougua ndui.

Swali la nani hasa aliyechonga linazaliwa hapo. Busu la Auguste Rodin lililoko Paris lilichongwa na fundi Jean Turcan, na Mlango wa Jehanamu haukusubiwa kwa bronzi hata mara moja Rodin akiwa hai. Sheria ya Ufaransa inakubali nakala hadi 12 za bronzi kutoka kielelezo kimoja kuwa kazi asili. Anayeona hayo kuwa udanganyifu hana budi kurudi nyuma sana, kwa sababu hata majani maarufu kuliko yote katika marumaru ya Ulaya hayakuchongwa na anayesifiwa kwayo. Gian Lorenzo Bernini alifanya Apollo na Daphne kati ya mwaka 1622 na 1625, na kazi ya majani na vitawi, iliyohitaji keekee nyembamba na subira isiyo na mwisho, ilifanywa na msaidizi wake Giuliano Finelli, ambaye hatimaye alichoka kutotajwa na kuondoka.

Sanamu hiyo iko katika Galleria Borghese mjini Roma. Daphne anakimbia, mungu Apollo anamfikia, na msichana anageuka mti: vidole vimechipua majani membamba kiasi kwamba mwanga hupenya, na gome linapanda kutoka ardhini, linaukumbatia mguu, linafunika paja, hadi kiunoni ambako mkono wa Apollo umeligusa badala ya kugusa ngozi. Bernini alikuwa na tatizo lilelile la wachongaji wa Pompeii, miili miwili mbiombio juu ya miguu myembamba, na jiwe lisilokubali kupindwa. Alihitaji kisiki, na akachagua kisa ambacho kisiki ndicho mwisho wake.